Saa Nne Kamili

Dawa ilifika kwa ndege kutoka Santiago
ndani ya boksi la povu, vipande vya barafu
vikiwa vimeshaanza kutoka jasho.
Eliseo aliipokea kwa mikono miwili, kofia kwapani,
kama apokeaye kikombe kilichojaa hadi ukingoni.

Friji yetu haikuzoea kulaza kitu ghali namna hiyo.
Nilihamisha makucha ya kaa, nikahamisha jamu ya kalafate,
nikasogeza hata chanjo za kondoo,
zile alizoziandika kwa kalamu nyekundu: SI ZA NÉLIDA.
Mzaha wake huo. Nilicheka.
Kisha nikasoma lebo mara ya pili.

Mume wangu huwachoma sindano kondoo elfu tatu kila msimu.
Humbana kwa goti, huvuta ngozi, tayari,
humsukuma, huita mwingine.
Usiku wa kwanza alipiga magoti mbele yangu,
akafinya nyama kidogo kando ya kitovu,
na mkono ukamtetemeka
kama wa mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.
"Nijaalie mimi ni kondoo," nikamwambia.
"Kondoo hanitazami," akajibu.

Basi nikatazama dirisha.
Desemba, huku kusini, jua halina haraka ya kulala.
Saa nne usiku mbingu ingali na rangi ya maziwa,
na upepo unagonga mabati ya jirani
kama mdai asiyechoka kubisha.

Homoni haina harufu, haina rangi.
Inaingia kama tetesi: leo hujui kitu,
kesho mwili mzima unaizungumza.
Kila mwezi, Daktari Marusić alinieleza,
yai moja hupewa zamu,
mengine hurudi gizani bila kulalamika.
Dawa hii huyaambia yote: amkeni,
leo hakuna zamu.

Na yakaamka.
Siku ya sita nilikililia kijiko kilichoanguka.
Siku ya saba nilimchukia Eliseo kwa jinsi anavyotafuna mkate;
nikamwomba radhi
mkate ukiwa bado mdomoni mwake.
Kiwandani, mbele ya mkanda wa kaa,
nilisimama na kifungo cha suruali wazi chini ya aproni,
tumbo kama gunia lililofungwa vibaya.
Mwenzangu Rosalba akanong'ona: una miezi mingapi?
Siku tisa, nikasema.
Akadhani natania.

Kwenye skrini vifuko vilikuwa vyeusi, vimebanana
kama abiria wasiofahamiana.
"Kumi na kimoja," alisema daktari.
Eliseo naye alihesabu kimyakimya, kidole kikigonga goti,
hivyo hivyo anavyohesabu kondoo langoni,
na kama kawaida yake
akapata kumi na viwili.

Sindano ya mwisho haina msamaha.
Zile nyingine zingeweza kungoja supu ipoe.
Hii ni saa nne kamili, si na dakika moja,
kwa sababu saa thelathini na sita baadaye, huko Santiago,
mtu aliyevaa glovu atakuwa mlangoni,
na yai halifungui kwa aliyechelewa,
wala halimngoji aliyewahi.
Tukatega simu, tukatega saa ya jiko,
tukafungua redio tusikie mlio wa saa.
Vyote vitatu vikatofautiana.
Eliseo akaiamini redio.
Safari hii mkono wake ulitulia tuli.
Uliotetemeka ni wangu, ulioshika shati.

Sindano zilizotumika tulikuwa tukizitia kwenye kopo la kahawa.
Asubuhi, mabegi yako mlangoni,
alilichukua tulipitishe zahanati njiani.
Likalia mkononi mwake: chaka, chaka, chaka.
Akasimama.
Nami nilikuwa nimesikia.
Hakuna aliyesema mlio ule unafanana na nini.
Akaliweka ndani ya koti, akalibana kifuani lisipige kelele,
tukatoka kutafuta teksi,
upepo ukitusukuma mgongoni
kuelekea upande ambao hatukuwa tunaenda.